Jinsi ya Kuonyesha Darasani Namna Elementi Zenye Mionzi Zinavyosafiri Ndani ya Mwamba

Wachimbaji wa visima virefu mkoani Tabora wanalijua vizuri jambo ambalo wataalamu wa taka za nyuklia wa Uswidi na Ufini wamelichunguza kwa miongo kadhaa, nalo ni kwamba katika granaiti maji hayapiti kila mahali. Mtambo unaweza kuchoronga hadi chini sana ukatoa vumbi tupu, kisha ukahamishwa hatua chache tu, ukagonga ufa, na maji yakapanda. Jiwe lenyewe ni gumu na limefungamana, lakini nyufa zake ni njia, na kila kilichoyeyuka ndani ya maji hupita katika njia hizo hizo. Granaiti ya Tabora ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa ugumu na upasukaji wake haiko mbali na miamba ya kale ambayo Ufini imechimba ndani yake mahandaki ya Onkalo, kwenye kina cha mita 400 na zaidi, kwa ajili ya kuzika mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika.

Taka hizo hufungwa katika makasha ya shaba yanayozungushiwa udongo wa mfinyanzi unaovimba, uitwao bentonaiti, na makasha hayo yamekusudiwa kudumu muda mrefu sana. Hata hivyo, mhandisi mwangalifu hupiga hesabu zake akichukulia kwamba siku moja kasha litatoboka. Maji yakishaigusa taka, kila elementi itachukua muda gani kufika kisimani, mtoni au shambani, na ikifika itakuwa bado ina mionzi? Mwongozo huu unaeleza namna mwalimu wa kemia, fizikia au jiografia anavyoweza kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari jibu la swali hilo wakaliona kwa macho yao, kwa kutumia mchanga wa korongo, udongo wa mbuga, chumvi ya Uvinza na dawa mbili tatu za dukani na maabara, bila kugusa kitu chochote chenye mionzi.

Usalama na vifaa

Katika zoezi hili hakuna nafasi ya kitu chenye mionzi, hata kidogo. Usimruhusu mwanafunzi alete jiwe linalodaiwa kuwa na urani, wala kifaa chakavu chenye alama ya mionzi kilichookotwa penye vyuma chakavu. Kifaa cha namna hiyo huachwa pale kilipo, watu husogezwa mbali, na taarifa hupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kisheria juu ya vyanzo vya mionzi nchini, vikiwemo vile vilivyokwisha kazi hospitalini na viwandani.

Viwakilishi vya elementi zenye mionzi vitakuwa hivi. Chumvi ya kawaida itasimama badala ya elementi zisizoshikwa na mwamba, kwa sababu ayoni yake ya kloridi ina chaji hasi, na nyuso za madini mengi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hazivutani. Rangi ya GV, ile dawa ya zambarau inayopakwa kwenye vidonda vya mdomoni, itasimama badala ya elementi zinazoshikwa, kama sesiamu na strontiamu, kwa kuwa molekuli zake zina chaji chanya. Pamanganeti ya potasiamu itakuwa na kazi ya pekee ambayo nitaieleza kwa kirefu, kwa maana ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Utahitaji pia nitreti ya fedha kutoka maabara ya kemia kwa ajili ya kuitambua kloridi, rangi nyekundu ya keki, shabu ya kusafishia maji, chupa za plastiki za lita 1.5, pamba, mizani, silinda ya kupimia na tofali moja la kuchoma.

GV na nitreti ya fedha hutia doa ngozi na nguo, kwa hiyo glavu zivaliwe, na nitreti isikaribie macho. Pamanganeti isichanganywe kamwe na GV, spiriti wala glisirini, kwa sababu huunguza vitu vya namna hiyo kwa nguvu. Chupa na vikombe vilivyotumika visirudi jikoni. Tumia maji ya mvua, kwa kuwa maji ya bomba na ya visima vingi yana kloridi yake yenyewe, na matone ya nitreti ya fedha yatayachafua hata kabla hujaweka chumvi. Kama maji ya mvua hayapo, pima kwanza maji uliyo nayo na uweke sampuli hiyo kando kwa kulinganishia.

Nguzo ya mchanga

Kata kitako cha chupa, igeuze kichwa chini, tia pamba shingoni, na toboa kifuniko kwa pini iliyopashwa moto ili maji yadondoke polepole. Mchanga unaofaa ni ule mweupe wa korongoni uliotokana na kumomonyoka kwa granaiti, ambao ukiutazama kwa lenzi utaona punje za kwatzi na felspa na vipande vyembamba vya maika vinavyong'aa. Walio Kigoma watumie mchanga wa ufukweni mwa ziwa. Uoshe mara nyingi hadi maji yatoke meupe, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukibaki hata kwa kiasi kidogo utabadilisha matokeo yote. Uanike ukauke, upime uzito, kisha uujaze ndani ya chupa hadi kimo cha sentimita 20 hivi, ukiigonga chupa taratibu ili mchanga utulie.

Kabla ya jambo lolote jingine, pima nafasi zilizopo kati ya punje. Ziba tundu la kifuniko, mimina maji polepole kutoka kwenye silinda hadi yafike sawasawa na uso wa mchanga, na uandike kiasi yaliyotumika. Katika mchanga wa aina hii maji hayo kwa kawaida huwa kama sehemu 35 hadi 40 kwa mia ya ujazo wote. Kiasi hicho ndicho tutakachokiita ujazo wa nafasi, na hesabu zote zitakazofuata zinakitegemea, kwa hiyo wanafunzi wakipime tena hadi majibu yao yakaribiane.

Sasa andaa lita 5 za mchanganyiko. Katika kila lita weka gramu 5 za chumvi na mililita 1 ya GV ya asilimia 0.5. Chumvi na rangi ziwe ndani ya maji yale yale, kwa maana nia yetu ni kuonyesha kwamba maji mamoja, yakipita njia moja kwa mwendo mmoja, hufikisha mizigo yake kwa nyakati tofauti. Fungua tundu, acha maji safi yashuke hadi usawa wa mchanga, na mara moja anza kumimina mchanganyiko juu yake, ukihakikisha kwamba mchanga haukauki wakati wowote. Yanayodondoka yakingwe katika vikombe vilivyoandikwa namba, mililita 50 kila kimoja. Ujazo mmoja wa nafasi ukichukua kama nusu saa kupita, mwendo ni mzuri, na zoezi zima litamalizika katika siku moja ya Jumamosi.

Chukua kiasi kidogo kutoka kila kikombe, udondoshee matone mawili ya nitreti ya fedha. Vikombe vya mwanzo havitabadilika. Halafu, ujazo wa nafasi mmoja unapokaribia kutimia, tone litaacha ukungu hafifu wa kijivu, kikombe kinachofuata kitakuwa na ukungu mweupe, na baada ya hapo kila kikombe kitageuka kama maziwa mara tu tone linapogusa maji. Chumvi imefika pamoja na maji. Wakati huo huo waite wanafunzi waitazame chupa kwa ubavuni: zambarau yote imebanwa katika ukanda mwembamba juu ya mchanga, ukingo wake wa chini ukiwa umechorwa wazi, na maji yanayotoka chini hayana rangi hata chembe. Wape muda wa kutosha waitazame hali hiyo, kisha waendelee kumimina hadi mchanganyiko uishe, huku wakipima kwa rula kila baada ya lita moja ukingo wa zambarau umeshuka sentimita ngapi.

Hesabu ya ucheleweshaji

Tuseme umemimina kiasi sawa na ujazo wa nafasi mara 10, na nguzo yako ina sentimita 20. Maji yamesafiri umbali sawa na sentimita 200. Ikiwa ukanda wa zambarau umeshuka sentimita 4, basi rangi imekwenda polepole kuliko maji mara 50. Namba hiyo 50 ndiyo kipimo cha ucheleweshaji, ambacho huandikwa kwa herufi R, na kwa chumvi R ni takriban 1.

Ni muhimu wanafunzi wasidhani kwamba rangi iko ndani ya maji ikitembea kivivu. Kila molekuli ikiwa ndani ya maji huenda kwa kasi ile ile ya maji, ila muda wake mwingi inakuwa imeshikwa na punje. Msafiri anayeshuka kwenye kila kituo, Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, akasubiri treni nyingine kabla ya kuendelea, atafika Kigoma akiwa amechelewa sana kumpita yule aliyekaa kwenye behewa tangu Tabora, ingawa treni zote zina mwendo mmoja.

Kutokana na R unaweza kupata namba nyingine ambayo wataalamu huipima kwa kila aina ya mwamba na kila elementi, nayo huandikwa Kd. Inaeleza ni kiasi gani cha elementi kimeshikwa na kilo moja ya mwamba kikilinganishwa na kilichobaki katika lita moja ya maji. Kanuni ni R = 1 + (uzito wa lita moja ya mchanga mkavu ÷ sehemu ya nafasi) × Kd. Mchanga wenye kilo 1.6 kwa lita na nafasi ya 0.4, ukiwa na R ya 50, una Kd ya lita 12.25 kwa kilo, yaani 49 × 0.4 ÷ 1.6.

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kuiunganisha namba hiyo na umri wa mionzi, kwa sababu mojawapo ikiachwa, nyingine hupotosha. Kila elementi yenye mionzi ina nusu-maisha, yaani muda ambao nusu ya atomi zake huwa zimegeuka kuwa kitu kingine. Baada ya nusu-maisha 10 hubaki kama sehemu moja katika elfu, na baada ya 20 kama sehemu moja katika milioni. Chukulia kwamba maji yanahitaji miaka 100 kutoka penye taka hadi kisimani. Sesiamu-137 ina nusu-maisha ya miaka 30 hivi. Ikicheleweshwa mara 50 itahitaji miaka 5,000, ambayo ni zaidi ya nusu-maisha 160, na kwa hesabu yoyote ile hakuna kitakachofika. Plutoniamu-239 ina nusu-maisha ya miaka 24,100, na kwa ucheleweshaji huo huo wa mara 50 ingefika ikiwa imebaki na takriban sehemu 87 kwa mia. Kwa bahati njema, katika maji mengi yaliyo kwenye kina kirefu plutoniamu hushikwa kwa nguvu zaidi. R yake ikiwa 5,000, safari inakuwa miaka 500,000, na kinachofika ni chini ya sehemu moja katika milioni.

Halafu wape wanafunzi iodini-129. Nusu-maisha yake ni miaka milioni 15.7, na katika maji ya ardhini huwa na chaji hasi kama kloridi, kwa hiyo R yake inakaribia 1. Itafika pamoja na maji katika mwaka wa 100, karibu yote. Ni kweli kwamba elementi yenye nusu-maisha ndefu kiasi hicho hutoa mionzi kidogo kwa kila gramu, na jambo hilo lielezwe kwa haki. Hata hivyo, ninawasihi walimu waiweke iodini mbele ya sesiamu katika mjadala huu, kwa sababu wananchi huogopeshwa zaidi na majina ya sesiamu na plutoniamu, ilhali katika tathmini nyingi za maziko ya mafuta yaliyotumika, iodini-129 ni miongoni mwa zinazotazamwa kwa makini zaidi katika mbio ndefu. Chemchemi za maji chumvi za Uvinza ni mfano mzuri wa kuwakumbusha wanafunzi: kloridi iliyoyeyuka chini ya ardhi hupanda hadi juu pamoja na maji, na mwamba hauizuii njiani.

Pamanganeti na swali la oksijeni

Teknetiamu-99, yenye nusu-maisha ya miaka 211,000 hivi, ina tabia ambayo mchanga na GV haviwezi kuionyesha. Katika maji yenye oksijeni hujiunga na atomi nne za oksijeni ikawa ayoni yenye chaji hasi, ikaenda bila kushikwa. Katika maji yasiyo na oksijeni, yaliyogusana na madini yenye chuma ambacho hakijapata kutu, hupokea elektroni, hubadilika kuwa oksaidi isiyoyeyuka kwa urahisi, na safari yake husimama. Katika jedwali la elementi teknetiamu ipo moja kwa moja chini ya manganizi, na pamanganeti ni ndugu wa karibu wa ayoni hiyo ya teknetiamu. Ndiyo maana zoezi hili linasema ukweli kwa kiasi ambacho ni nadra kwa mfano wa darasani.

Tengeneza nguzo mbili. Ya kwanza iwe na mchanga ulioshwa vizuri sana. Ya pili ijazwe mchanga huo huo hadi juu, isipokuwa katikati yake weka tabaka la sentimita 5 la mchanga uliochanganywa na udongo mweusi wa chini ya miti, wenye majani yaliyooza. Yeyusha punje chache tu za pamanganeti katika lita mbili za maji ya mvua, mpaka maji yawe ya waridi unaopenyesha mwanga, kisha mimina katika nguzo zote mbili.

Katika nguzo ya kwanza uwaridi utashuka karibu sawa na maji na kutokea chini, ingawa maji ya mwanzo huenda yakafifia kidogo kwa sababu ya uchafu uliosalia. Katika nguzo ya pili uwaridi utashuka hadi kwenye tabaka lenye majani na kuishia hapo. Baada ya muda utaona ubavuni mwa chupa mstari wa kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ukianza pale tabaka linapoanza. Hiyo ni oksaidi ya manganizi, kitu kigumu kisichoyeyuka majini. Elementi ni ile ile, kiasi ni kile kile, lakini imepoteza uwezo wa kusafiri kwa sababu kemia ya maji imebadilika ndani ya sentimita chache.

Waeleze wanafunzi mipaka ya mfano huu. Pamanganeti ni kali zaidi kuliko ayoni ya teknetiamu, kwa hiyo hunasa upesi penye majani yaliyooza, ilhali teknetiamu ndani ya granaiti hutegemea chuma kilichomo katika maika nyeusi na madini mengine. Vilevile, teknetiamu iliyonaswa inaweza kurudi majini oksijeni ikipenya hadi ilipo, jambo ambalo mstari wako wa kahawia hautalifanya. Kwa mfano wa asili ulio nchini mwetu, urani hufuata kanuni hiyo hiyo: huyeyuka na kusafiri penye oksijeni, hasa maji yakiwa na kaboneti, na huganda penye mabaki ya mimea yaliyozikwa. Akiba ya urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, imo katika mawe ya mchanga ya Karuu, aina ya mwamba ambayo hukusanya urani kwa njia hiyo.

Maziko katika kina kirefu yanapendelewa kwa sababu hii zaidi ya sababu nyingine. Umbali kutoka juu una faida yake, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba maji ya huko yamekwisha kupoteza oksijeni yake. Huko Oklo, nchini Gabon, mwaka 1972 iligunduliwa kwamba urani ya machimbo yale ilikuwa imewahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Plutoniamu iliyozaliwa mle ilibaki karibu na mahali pake hadi ikageuka, ilhali iodini na gesi kama xenoni zilikwenda zake.

Udongo wa mbuga

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa masika, una madini ya mfinyanzi unaovimba wa jamii ile ile iliyomo katika bentonaiti. Jaza chupa moja kwa udongo huo mkavu uliopondwa, mimina maji juu yake, na uiache. Udongo utavimba, utajifunga, na maji yatakaa juu kwa siku nyingi bila tone kutoka chini. Katika hali hiyo elementi haiwezi tena kubebwa na mkondo. Kilichobaki ni kusambaa kwa atomi moja moja, na kusambaa huko kuna kanuni yake, kwamba umbali ukiongezeka mara mbili muda huongezeka mara nne. Kwa makadirio ya kawaida ya kasi ya kusambaa katika mfinyanzi ulioshindiliwa, nusu mita huchukua kama miaka 80 na mita moja kama miaka 320, hata kwa elementi ambayo haishikwi kabisa.

Ili kupima uwezo wa kushika, weka gramu 10 za udongo katika mililita 100 za maji yenye GV ya kipimo kile kile cha awali, tikisa mara kwa mara kwa saa moja, kisha uache hadi kesho yake utulie. Tengeneza safu ya kulinganishia kwa kuyapunguza maji ya GV ambayo hayakuguswa na udongo hadi nusu, robo, sehemu ya nane na ya kumi na sita. Udongo mwekundu wa miinukoni ukiacha rangi inayolingana na sehemu ya nane, basi kilichoshikwa ni mara 7 ya kilichobaki, na ukizidisha kwa lita 0.1 ÷ kilo 0.01 utapata Kd ya lita 70 kwa kilo. Udongo wa mbuga utaimaliza rangi yote, kwa hiyo upunguze uwe gramu 1 au chini ya hapo, hadi upate rangi inayopimika. Rudia kwa rangi nyekundu ya keki, ambayo kwa kawaida ina chaji hasi, na mbuga ile ile iliyomeza zambarau yote itaiacha nyekundu majini. Udongo mwekundu, kwa sababu ya oksaidi za chuma, unaweza kuishika kidogo, hasa ukiongezewa siki.

Namba hizi zisichukuliwe kuwa tabia ya kudumu ya udongo. Huko Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ambako taka za kutengeneza plutoniamu ziliwekwa katika matangi 177 chini ya ardhi na baadhi yakavuja, sesiamu ilitarajiwa kunaswa karibu na matangi. Chini ya baadhi yake ilishuka zaidi ya matarajio, kwa kuwa taka zenyewe zilijaa sodiamu, na sodiamu hiyo ilichukua nafasi ambazo sesiamu ingezishika.

Maji ya mbuga yatabaki na tope jembamba lisilotulia hata ukingoja siku kadhaa. Usilimwage, kwa kuwa ndilo kolaidi, chembe ndogo mno zinazoelea na zinazoweza kubeba elementi mgongoni. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa kwamba plutoniamu kutoka kwenye mlipuko wa chini ya ardhi wa mwaka 1968, uitwao Benham, huko Nevada, ilipatikana katika maji umbali wa kilomita 1.3, ikiwa imebebwa na chembe za namna hiyo. Gawa tope lako katika vikombe viwili, kimoja utie shabu kidogo. Chembe zitashikana na kuzama, na maji yatatakata. Maji ya chumvi ya kina kirefu huzituliza kolaidi kwa njia inayofanana na hiyo, na ndiyo maana wataalamu wa Uswidi na Ufini wana wasiwasi na maji baridi ya barafu itakayoyeyuka katika zama za barafu zijazo, kwa kuwa yana chumvi kidogo mno na yanaweza kuumomonyoa mfinyanzi unaozunguka makasha.

Tofali badala ya granaiti

Mchanga hauna nyufa, na hilo ni pengo kubwa katika yote yaliyotangulia. Katika granaiti maji hukimbia ndani ya ufa, huku elementi zikipenya pembeni kuingia katika vinyweleo vya jiwe ambamo maji hayatembei. Vinyweleo hivyo ni chini ya sehemu moja kwa mia ya ujazo wa jiwe, na upenyaji wake ni wa taratibu mno kwa darasa, kwa hiyo tofali la kuchoma, lenye vinyweleo vingi, litatuharakishia kazi. Liloweke tofali katika maji safi hadi lisitoe tena mapovu, kisha lihamishie kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili. Lioshe haraka kwa nje, uliweke katika ndoo ya maji ya mvua yaliyotulia, na upime kloridi mwanzoni, baada ya saa moja, na kesho yake.

Ukungu utaongezeka kila mara. Chumvi iliingia ndani ya tofali pasipo mkondo wowote kuisukuma, na sasa inatoka vivyo hivyo. Kwa mwamba wa maziko hili lina maana mbili: ufa hupunguziwa mzigo wake wakati elementi zinapopita, na miaka mingi baadaye, chanzo kikiwa kimekwisha, kuta za ufa huo zitaendelea kuurudisha mzigo kidogo kidogo. Mwanafunzi anayepima kwa wiki mbili badala ya siku moja, akibadilisha maji ya ndoo kila siku, ataona jinsi kiasi kinavyopungua bila kukatika ghafla.

Mwisho wa kazi, maji yenye fedha yakusanywe katika chupa moja na yakabidhiwe kwa msimamizi wa maabara. Pamanganeti iliyosalia imiminwe juu ya udongo wenye majani hadi uwaridi wote upotee. Mchanga na udongo ulioshika GV usitupwe korongoni wala karibu na kisima. Ukaushwe, ufungwe katika mfuko, na uwekwe pamoja na taka za maabara, ukiandikwa tarehe na kilichomo.